Mashine Izimikayo Njiani: Namna ya Kutafuta Uvujaji katika Mpira wa Mafuta

Jibondo ni kisiwa kidogo kusini mwa Mafia, na ardhi yake ni mwamba wa matumbawe usiotoa mazao mengi. Kwa sababu hiyo watu wake tangu zamani wametafuta riziki yao baharini, na sifa yao ya kuunda mashua na majahazi imefika mbali. Kwa miaka mingi hata maji matamu ya kunywa yaliletwa huko kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Tena tangu kilimo cha mwani kilipoingia Mafia katika miaka ya 1990, chombo kimekuwa kama jembe la mkulima. Kamba, vigingi na mwani mbichi hubebwa kwa chombo. Na pale ambapo mwani wa kotonii umekufa kwa joto la maji ya kina kifupi, baadhi ya wakulima wa pwani ya Tanzania wameuhamishia kwenye maji ya kina, wasikoweza kufika kwa miguu hata bamvua ikipwa sana.

Basi mashine ndogo ya petroli, ifungwayo kwenye tezi, si kitu cha anasa tena. Karatasi hii haielezi habari zote za mashine hiyo. Yaeleza ubovu mmoja tu, nao ni kiungio cha mpira wa mafuta kisichobana. Tumeuchagua kwa sababu mwenye chombo aweza kuutafuta na kuuondoa mwenyewe kwa kisu, bisibisi na kitambaa kikavu. Na kwa sababu watu wengi huutafuta mahali pasipo. Hubadili plagi, hufungua kabureta, hutoa fedha nyingi, na mashine ikazidi kuzimika kama kwanza.

Jinsi petroli inavyopanda

Mashine za namna hii za zamani, kama zile alizoanza kuziuza Ole Evinrude huko Marekani mwaka 1909, zilikuwa na tangi dogo juu ya mashine yenyewe, na petroli ilishuka kwa uzito wake. Hata leo mashine ndogo kabisa, za nguvu za farasi 2 au 3, hufanya hivyo. Lakini mashine nyingi za wavuvi, tuseme za nguvu za farasi 8 hadi 40, zina tangi la kando liwekwalo chini ndani ya chombo. Hapo petroli haishuki, bali yapaswa kuvutwa ipande.

Safari yake ni hii. Hutoka tangini kwa bomba jembamba linalofika karibu na chini ya tangi. Hupita katika kiungio cha tangi, huingia katika mpira, hufika kwenye pampu ya mkono, yaani lile tufe la mpira mnene libonyezwalo kabla ya kuwasha. Hutoka hapo hata kwenye kiungio cha mashine, huingia ndani ya kifuniko, hupita chujio, huvutwa na pampu ndogo ya mashine, ndipo inapofika kwenye kabureta. Mtu akihesabu atapata viungo saba au zaidi, na kila kimoja chaweza kuachia.

Kiungo kikavu huenda ndicho kibovu

Hili ndilo jambo kubwa katika karatasi hii, nasi twamwomba msomaji asilipite haraka.

Fundi wa mashua ajua namna mbili za kutafuta mahali panapovuja katika chombo. Chombo kikielea, huingia ndani na kutazama maji yanakochuruzika kuja kwake, kwa kuwa bahari iko nje na yasukuma kuingia. Chombo kikiwa kimepandishwa pwani, maji ya bahari hayapo tena kumwonyesha. Basi humwaga maji ndani, akazunguka nje kutazama mbao zinapolowa. Tundu ni lile lile. Kilichogeuka ni upande upi wasukuma.

Mpira wa mafuta una tabia hiyo hiyo. Unapobonyeza pampu ya mkono, petroli husukumwa kutoka ndani, na kiungo kilicholegea hutoa tone. Lakini mashine ikiisha kuwaka, mambo hugeuka. Pampu ya mashine huvuta, na nguvu ndani ya mpira hupungua ikawa chini ya ile ya hewa iliyo nje. Hapo kiungo kilicholegea hakitoi petroli, huingiza hewa. Mtu akiinama kutazama huku mashine inanguruma, ataona kiungo kikavu kabisa, wala hakuna tone, wala hakuna harufu, naye husema, "Mpira ni mzima." Kumbe mashine yanywa hewa badala ya mafuta.

Mtu asidhani kwamba hasara yake ni kuzimika tu. Katika mashine za pigo mbili, ambazo ndizo nyingi katika vyombo vya wavuvi, mafuta ya kulainisha huchanganywa ndani ya petroli. Mashine nyingi za siku hizi hutaka lita 1 ya mafuta hayo kwa lita 50 za petroli, ingawa yafaa kufuata kitabu cha mashine yenyewe. Petroli ikipungua kwa sababu ya hewa, mafuta ya kulainisha nayo hupungua kwa wakati huo huo, na moto ndani ya silinda huzidi ukali. Pistoni hupata joto, huchubuka, mwisho hukwama. Pete ya mpira ya bei ndogo huweza kuua mashine ya bei ya mashua nzima.

Dalili zake

Mashine yenye uvujaji wa namna hii kwa kawaida huwaka vizuri pwani, kwa sababu mwenye chombo amebonyeza pampu na kabureta imejaa. Chombo huondoka, na baada ya dakika chache, hasa mashine inapoongezewa mwendo, sauti yake hubadilika; hupanda na kushuka kama mtu anayepumua kwa shida, kisha huzimika. Ukibonyeza pampu ya mkono hufufuka, ikaenda tena kidogo. Dalili nyingine ni kwamba asubuhi kamba ya kuwashia yataka kuvutwa mara nyingi mno, kwa kuwa usiku hewa imeingia katika mpira na petroli imerudi tangini.

Jambo la kwanza la kufanya mashine inapolegea ni kuishika pampu ya mkono, maana hiyo yasema mengi. Ikiwa imekuwa laini, na ukiibonyeza wasikia kama imejaa nusu mafuta nusu upepo, shuku hewa inayoingia. Ikiwa imenyonywa ikabonyea na kushikamana kama mfuko mtupu, shuku kizuizi nyuma yake: aghalabu ni skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi iliyosahauliwa kufunguliwa, au uchafu katika bomba la ndani ya tangi. Ikiwa imara na imejaa, na hata hivyo mashine yagoma, basi ubovu uko mbele, katika kabureta au plagi, au petroli ina maji. Mtu aliyezoea kuishika pampu kabla ya kufungua chochote atajiepusha na kazi nyingi ya bure.

Kupima pwani

Vuta chombo mahali penye upepo, mbali na jiko na sigara. Fungua skrubu ya hewa ya tangi. Futa viungo vyote kwa kitambaa hata vikauke kabisa. Petroli juu ya uchafu wa grisi haionekani. Kisha ishike pampu ya mkono wima, mshale uliochorwa juu yake ukielekea juu na upande wa mashine, ukaibonyeze hata iwe ngumu. Mshale huo hauna mchezo: pampu iliyofungwa kinyume haipitishi petroli hata kidogo, na jambo hili hutokea mara kwa mara baada ya mpira kubadilishwa.

Ikiisha kuwa ngumu, ngoja dakika kumi. Ikibaki ngumu na viungo vikavu, sehemu ya kutoka pampu hata mashine ni nzima. Ikilainika na mahali fulani pamelowa, umepata ulichokitafuta. Ikilainika bila tone lolote nje, toa kiungio cha mashine na ubonyeze tena. Kiungio kile hujifunga chenyewe kinapotolewa. Pampu ikibaki ngumu sasa, petroli ilikuwa ikipotelea ndani ya mashine, labda sindano ya kabureta haifungi, na hapo mwite fundi. Ikiendelea kulainika, vali ya nyuma ya pampu imechoka na yarudisha petroli tangini, badili pampu.

Watu wengi huishia hapa, wakadhani wamepima mpira wote. Sivyo. Ndani ya pampu ya mkono mna vali mbili za njia moja, na ile ya nyuma huzuia nguvu ya mkono wako isifike upande wa tangi. Kwa hiyo kipande cha mpira kati ya tangi na pampu, pamoja na kiungio cha tangi, hakikupimwa kabisa; nacho ndicho kilalacho chini chomboni, kikanyagwacho na kusuguliwa na nanga.

Kipande hicho hupimwa kama fundi wa baiskeli anavyotafuta pancha. Utoe mpira wote, ukimimina petroli iliyomo katika dumu lake. Kiungio cha mashine kiache mahali pake, kwa kuwa kitaziba mwisho ule. Toa kiungio cha upande wa tangi, ukatie pampu ya baiskeli kwenye mpira uliobaki wazi, uzibe vema kwa kitambaa na mkono. Zamisha mpira katika beseni la maji, ukapige hewa polepole. Usitumie nguvu nyingi. Mapovu yatakuonyesha mahali penyewe, iwe ni ufa, au mdomo wa pampu ya mkono, au kiungio cha mbele. Hewa ipitishwe kwa kufuata mshale, maana kinyume chake haitapita. Usijaribu kupuliza kwa mdomo, kwani petroli ni sumu. Baadaye kausha mpira kabisa, na upitishe petroli kidogo uimwage katika kopo kabla ya kuunga tena, ili maji yasibaki ndani.

Kiungio cha tangi chenyewe hupimwa kwa njia nyepesi. Unga mpira, funga skrubu ya hewa, uliache tangi juani kwa muda mfupi huku ukilitazama. Hewa ya ndani hupanuka kwa joto na kusukuma petroli ipande, na pete iliyochakaa hulowa. Ukiisha kuona, fungua skrubu mara moja.

Iko njia nyingine ya kutumia ukiwa safarini, nayo ni ya haraka. Mashine inapoanza kulegea, paka grisi nzito kuzunguka kiungo unachokishuku, kimoja baada ya kimoja. Grisi huziba tundu kwa kitambo. Sauti ya mashine ikitengenea ulipopaka grisi mahali fulani, umepata jibu. Grisi si dawa. Ni shahidi tu.

Mahali panapoharibika zaidi

Kiungio cha mashine ndicho cha kwanza kushukiwa, kwa sababu hutolewa na kurudishwa kila siku. Ndani yake mna pete ndogo ya mpira mweusi. Chumvi na mchanga huikwaruza, jua huikausha, nayo hupasuka au hubonyea upande mmoja. Itoe kwa kijiti cha mti, si kwa msumari, maana msumari hukwaruza chuma chenye kuizunguka na kuleta uvujaji mwingine. Pete mpya iwe ya kipimo kile kile na ya mpira unaostahimili petroli. Pete ikatwayo kutoka mpira wa ndani wa baiskeli haifai. Mpira ule hufura ukilowa petroli, hulegea, na vipande vyake huingia katika chujio. Kabla ya kuitia mpya, ipake tone la mafuta ya mashine. Na kiungio kikitolewa, kisiachwe kikalala mchangani. Kivishwe kitambaa safi.

Cha pili ni mwisho wa mpira, pale unapovishwa kwenye mdomo wenye meno. Mpira uliozeeka huwa mgumu kama ganda, na ukiukunja waonyesha nyufa ndogo. Ikiwa ni ncha tu iliyochoka na mpira uliobaki ni laini, kata sentimita 2 au 3 kwa kisu kikali, sawasawa, uvishe upya. Ikiwa mpira wote umekuwa mgumu, usijisumbue kukata. Wataka mpira mpya, na uwe mpira wa petroli. Mpira wa bustani, na ule wa plastiki nyeupe unaouzwa kwa maji, hugeuka mgumu baada ya muda mfupi na kuchomoka kwenye mdomo wake. Hata hivyo kipande kifupi cha plastiki nyeupe chafaa kwa kazi moja: kiunge kwa muda karibu na mashine, uwashe, na utaona kwa macho yako kama mapovu yapita. Ukiisha kuona, kitoe.

Klipu ndizo za tatu. Klipu ya chuma cha kawaida hula kutu katika hewa ya bahari hata ikakatika, na mara nyingi hukatika upande wa chini usioonekana. Nunua zile za chuma kisichoshika kutu. Zikazwe kiasi, klipu iliyokazwa kwa nguvu zote huukata mpira, na palipokatwa hewa hupita vizuri kuliko kwanza. Waya wa kufungia hauna faida ila hasara, kwa kuwa hubana mahali pawili na kuacha pengine wazi. Usipokuwa na klipu, uzi wa nyavu uliozungushwa mara nyingi, mzunguko karibu na mzunguko, kama mtu afungavyo ncha ya kamba isifumuke, hubana pande zote sawasawa, nao utakufikisha nyumbani. Wavuvi hawana haja ya kufundishwa kazi hiyo.

Pampu ya mkono yenyewe hupasuka penye mshono au shingoni. Haitengenezwi. Chujio lililo ndani ya kifuniko cha mashine lina kikombe na pete yake. Likisafishwa na kurudishwa bila kukaa sawa, huvuta hewa, na mtu hushangaa kwamba mashine imeharibika siku ile ile aliyoisafisha.

Wako watu wasio na tangi la kweli, bali hutoboa kifuniko cha dumu na kupenyeza mpira. Twajua kwamba tangi ni ghali. Lakini katika dumu la namna hii mpira huelea chombo kinapolala upande, ukanyonya hewa, na mwenye chombo hutafuta uvujaji usiokuwapo. Ikiwa hapana budi, ncha ya mpira ifungwe kitu kizito cha kuishusha, kama kipande cha shaba, isigusane na sakafu ya dumu ambako maji na uchafu hukusanyika. Na kifuniko kiwe na tundu dogo la hewa. Tena dumu la petroli lipakwe rangi, lisije likatiwa maji ya kunywa. Plastiki hushika petroli, na kuosha hakuiondoi.

Wengine, mashine ikikosa nguvu ya kuvuta, huliinua tangi juu kuliko mashine, na mashine huenda. Hapana budi kusema wazi kwamba ujanja huu ni wa hatari. Kiungo kilichokuwa kikivuta hewa sasa hutoa petroli, wala haiachi kutoka mashine inapozimwa. Chombo kikiachwa hivyo usiku, tangi lote laweza kumwagika ndani ya ngama.

Petroli ndani ya ngama

Tone moja kila sekunde ni matone 3,600 kwa saa, yaani yapata sehemu ya kumi ya lita. Fedha yake mtu aweza kuihesabu mwenyewe. Lakini fedha si jambo kubwa hapa.

Petroli hutoa mvuke hata penye baridi kali kuliko barafu, sembuse katika jua la Mafia. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi ukaenda zake kama moshi, bali hushuka na kulala chini chomboni, chini ya mbao za sakafu, mahali ambapo upepo haufiki. Hauonekani. Mtu akiwasha kiberiti, au akiwa na karabai ya kuvulia dagaa, au jiko la kupikia chai, moto hupita chomboni kwa mara moja. Maji hayauzimi, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji na moto huenda pamoja nayo. Ndoo ya mchanga, au gunia zito lililoloweshwa na kufunikwa juu ya moto mdogo, hufaa zaidi.

Kwa hiyo chombo kikinuka petroli, kwanza zima kila moto, kisha ondoa sakafu, futa kwa matambara na uyatandaze pwani kwenye upepo, mbali na nyumba, upepo upite ndani ya chombo mpaka harufu iishe. Ndipo utafute kiungo. Petroli isimwagwe penye mashamba ya mwani wala penye matumbawe. Ikumbukwe kwamba Jibondo iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, na maji hayo ndiyo shamba la wote.

Mkulima wa mwani ana sababu yake nyingine. Mwani mbichi uliolala juu ya ngama yenye petroli hushika harufu, na jua la kuanikia haliiondoi yote. Gunia moja linalonuka huweza kuharibu mengine yaliyopangwa pamoja nalo. Samaki na pweza ni vivyo hivyo.

Mashine ikizimika baharini

Chombo kilichozimika nje ya mwamba hakikai mahali pake. Mkondo mkuu wa bahari katika pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huzidi kasi. Katika mlango wa Kinasi maji ya kupwa hutoka Ghuba ya Chole kwenda bahari kuu kwa nguvu nyingi, hasa siku za bamvua. Dakika ishirini za kuvuta kamba ya kuwashia huku chombo chaelea zaweza kumtoa mtu mahali ambapo nanga ingeshika, akafika pasipo na chini.

Basi utaratibu uwe huu: nanga kwanza, ikiwa kina charuhusu, pampu ya mkono pili, kamba ya kuwashia mwisho. Ishike pampu kama ilivyoelezwa. Ikiwa imenyonywa, fungua skrubu ya hewa. Ikiwa laini, toa kiungio cha mashine na ukirudishe kwa kukisukuma mpaka kilie, kwani mara nyingi hakikuingia sawasawa. Kisha bonyeza mpaka iwe ngumu, paka grisi viungo vyote viwili, uwashe, na uende kwa mwendo wa polepole. Mwendo wa polepole hutaka mafuta machache, na pampu ya mashine huvuta kwa nguvu ndogo, hivyo hewa inayoingia hupungua. Mtu mmoja aweza kukaa karibu na pampu ya mkono akiibonyeza taratibu njia nzima. Akifanya hivyo petroli husukumwa badala ya kuvutwa, na sehemu iliyo mbele ya pampu haitavuta hewa, ingawa huenda ikadondosha petroli. Wakati huo asivute mtu sigara chomboni.

Ikiwa haiwaki baada ya hayo, usiendelee kuvuta kamba mpaka mikono ichoke. Wazee wa Jibondo walikwenda mbali kuliko tuendako sisi bila tone la petroli, na tanga bado lafanya kazi yake. Twasikitika kuona vyombo vinavyoondoka pwani bila mlingoti wala tanga, wala hata makasia mawili, eti kwa kuwa vina mashine. Tanga dogo lililokunjwa halichukui nafasi ya samaki wengi.

Vitu vya kuweka chomboni

Katika kopo lenye kifuniko kisichopitisha maji weka pete mbili za viungio za kipimo cha mashine yako, klipu nne, kipande cha mpira wa petroli cha urefu wa mkono, pampu moja ya mkono ikiwa waweza kuipata, bisibisi, kisu kikali, uzi wa nyavu, grisi kidogo na kitambaa kikavu. Pete zinunuliwe kwa kupeleka ile ya zamani dukani, zilinganishwe kwa jicho na kwa kidole; zile zinazokaribia tu kufanana ndizo ziletazo shida baadaye.

Jioni, mashine ikiisha kuzimwa, toa mpira kwenye mashine na funga skrubu ya hewa ya tangi. Mpira ukiachwa umeungwa, tangi likakaa juani kesho yake, joto litasukuma petroli kuingia katika mashine au kutoka penye kiungo kibovu, na mtu atakuta ngama inanuka ilhali chombo hakikwenda popote. Tangi liwekwe kivulini. Mpira uzungushwe kwa upana, bila kukunjwa, ukatundikwe juu, mahali ambapo panya hawafiki.